Sahani ya Mwenye Nyumba

Kila jioni nyumbani kwetu Ruaruke zilipakuliwa sahani tatu, na sisi tulikuwa wawili. Moja ya mama mkwe wangu, Bi Mwanabaraka. Moja yangu mimi, Zuena. Ya tatu ya Mshamu, mume wangu, aliyekwenda vita vya Kagera na mgambo wenzake na hakurudi. Mama aliipakua kwa mkono wake, akaifunika kwa kawa alilolisuka mwenyewe kwa ukindu mwekundu, akaiweka juu ya kinu kilichopinduliwa karibu na mlango. Asubuhi tuligawana kile kiporo, tukanywea chai, na hapakuwa na la kusema juu yake.

Sahani hiyo haikuanza siku Mshamu alipoondoka. Vita vilikwisha, malori yakawarudisha watu, akina mama wakapiga vigelegele barabarani Kibiti mpaka sauti zikawakauka, nami nikiwa mmoja wao, mikono imejaa hina. Mshamu hakushuka. Tukaambiwa wengine watafuata. Ulipita kama mwaka hivi, ndipo jioni moja mama akachukua sahani ya tatu bila maelezo yoyote. Nilifurahi. Nilisema moyoni, mama kaota ndoto njema.

Nilikuwa binti mdogo wakati huo, tena mwenye imani. Kila lori likipunguza mwendo, mimi huyo mlangoni. Miaka ilivyozidi imani ikapungua na mazoea yakachukua nafasi yake, na mazoea hayadai mengi, yanataka tu ujitie hamnazo. Mwanamume mmoja alikuja kuniposa, fundi wa baiskeli, mtu mzima na heshima zake. Alikaribishwa mkekani, akazungumza vizuri, kisha jicho lake likatua kwenye kinu. Akauliza kile chakula ni cha nani. Mama akamjibu kwa sauti ya upole kabisa, "Cha mwenye nyumba. Hajaingia." Maskini ya Mungu, alianza kupapasa viatu vyake palepale.

Nilicheka siku ile. Baadaye niliacha kucheka, kwa sababu hakuja mwingine.

Mtu akifiwa, anajulikana kafiwa. Mtu akiachwa, anajulikana kaachwa. Mimi nilikuwa sijulikani. Arusi ikitokea, wanaomwogesha bibi arusi ni wanawake wenye waume zao. Msiba wa mume ukitokea, wanaoingia chumbani kukaa na mfiwa ni wajane waliokwisha kupitia njia hiyo. Mimi kote nilipelekwa jikoni. "Zuena, hebu tazama wali usiungue." Nimetazama wali wa arusi, nimetazama wali wa matanga, kijiji kizima kimekula wali niliouangalia mimi, na sikuwahi kuitwa ndani. Hawakunitenga kwa ubaya. Hawakujua tu wanikalishe wapi.

Mama naye alikuwa na njia yake. Mpunga ukianza kutoa masuke, watu huhamia mashambani, wakakaa juu ya madungu kufukuza ndege na nguruwe. Bi Mwanabaraka alikuwa wa kwanza kuhama na wa mwisho kurudi, na hakutaka nimfuate. "Wewe kaa nyumbani, mwenye nyumba akija asikute mlango umefungwa." Kwa hiyo nilikaa, nikafagia ua usio na uchafu, nikapakua sahani mbili kama nilivyoagizwa. Niliwahi kufikiri mama anapenda sana ndege.

Zilipokuja zama za ruksa, mambo yakabadilika kwa kila mtu isipokuwa kwetu. Malori ya matajiri wa mpunga yakawa yanaingia mpaka vijijini, mitumba ikamwagwa chini Kibiti na Ikwiriri, redio za kaseti zikawa zinapiga kelele kila kibanda. Ghala la ushirika likawa linalala mbuzi. Mwenye nguvu alijitafutia, asiye na nguvu alitazama. Ndipo wale waliorudi vitani, wengi wao mgambo wasio na kazi wala cheo, wakaona kwamba wasipojikumbuka wenyewe hawatakumbukwa. Wakaunda umoja wao pale Ikwiriri. Mkuu wao alikuwa Twalibu, mtu mfupi mwenye mguu mmoja uliokakamaa, anayeendesha baiskeli kwa mguu mwingine na kukufikia kabla hujamtegemea.

Umoja ule ulipata mashine ya kukoboa mpunga. Wajane wa waliokufa vitani ndio waliokabidhiwa kuiendesha. Kila mmoja alikuwa na zamu yake, na kilichopatikana waligawana. Nje ya kibanda cha mashine ulitandikwa mkeka mkubwa, na wasiokuwa zamu walikaa hapo kupeta chenga na kuchambua pumba.

Nilipeleka mpunga wetu pale mara ya kwanza wakati wa mavuno. Sikuvutiwa na mashine, ilikuwa na kelele ya kupasua kichwa. Nilivutiwa na mkeka. Wale wanawake walikuwa wanacheka. Mmoja alikuwa anasimulia jinsi marehemu mumewe alivyomwogopa mjusi, mwingine akadakia kwamba wake alikuwa anakoroma mpaka kuku wanahama, na Safina, mkubwa wao, mnene, mcheshi, machozi ya kicheko yalikuwa yanamtoka. Waliwataja waume zao kwa majina, bila kushusha sauti. Nilisimama na debe langu kichwani kama niliyepotea njia. Mimi jina la Mshamu nilikuwa silitaji kabisa, maana mama hakupenda litajwe ovyo.

Nikatua debe, nikaketi ukingoni mwa mkeka, nikavuta ungo. Safina akanitazama.

"Mwenzangu, mumeo naye alibaki kule?"

"Hajarudi," nikasema.

"Hajarudi, au alibaki?"

Nikainamia ungo. Akanishika goti, si kwa ukali, akasema, "Basi huu mkeka wa wajane, dada yangu. Wewe una mume. Usijivutie mkosi." Wenzake wakacheka kidogo, utani tu, nami nikacheka nao. Nikanyanyuka, nikasimama juani mpaka mpunga wangu ukaisha kukobolewa. Njia nzima ya kurudi, juu ya lori, nililia, na upepo ukawa kisingizio changu.

Nieleweke hapa. Riziki ya mashine ile niliihitaji, sikatai. Lakini nilichokitaka hasa kilikuwa ule mkeka. Nilitaka kukaa na watu nikasema, mume wangu alikuwa hivi na hivi, na mtu akanijibu.

Wiki hiyohiyo nikamfuata Twalibu. Nikamwambia ninataka kujua, mimi ni mke au ni mjane. Hakunipa pole za bure, nikampendea hilo.

"Shemeji," akasema, "sisi kazi yetu kubwa si mashine. Mashine ni ya kupatia riziki tu. Kazi yetu ni kutafuta mashahidi. Wako wanawake kama wewe mpaka Utete, mpaka Mohoro. Mtu alikufa mbele ya wenzake, wenzake wakarudi makwao, kila mmoja akakaa kimya na lake. Sisi tunawatafuta, tunawaleta mbele ya sheikh, wanaapa, mambo yanakatika. Mshamu alikuwa kikosi gani?"

Nilimwambia ninachokijua. Akafikiri, akasema yupo mtu mmoja anayemjua aliyekuwa kikosi kile, ambaye bado hawajamfikia. Anaitwa Haruni, anakaa visiwani, Mbwera, anakata mikoko, na hapendi watu.

Jioni nikamwambia mama kwamba nitakwenda Mbwera na Twalibu kuonana na mtu aliyepigana pamoja na Mshamu. Mama hakuwa mtu wa kuzuia safari. Safari hii kila siku alikuwa na sababu. Leo maji ya mto yamejaa. Kesho boti zinazojaza watu zinazama. Keshokutwa mgongo wake unauma. Nilidhani anaogopa kusikia mwanawe amekufa, na nilimhurumia. Halafu siku ya safari yenyewe aliamka mapema kuliko mimi, akanikunia nazi, akanipikia mkate wa kumimina, akaufunga kwenye kitambaa safi.

"Ukimwona huyo mtu," akasema, "msikilize mpaka mwisho."

Tulishuka Nyamisati, tukapanda boti ya mashine. Mimi ni mtu wa nchi kavu, vile vijito vilinitia kizunguzungu. Kila upande mikoko, mizizi imesimama nje ya tope, kijito kinazaa kijito kingine, na nahodha anakata kona bila kufikiri. Maji yalikuwa yanakupwa, ikabidi tushuke mbali na tutembee kwenye tope mpaka magotini. Twalibu na mguu wake ule alianguka mara kadhaa na hakulalamika. Nilifikiri, huyu bwana anafanya hivi kwa ajili ya kila mwanamke asiyejua lake.

Tulimkuta Haruni nyuma ya nyumba yake ya makuti, anapanga boriti. Alikuwa mrefu, mwembamba, nywele zimeanza mvi kabla ya wakati. Twalibu alijitambulisha, akanitambulisha mimi, mke wa Mshamu wa Ruaruke. Haruni akaacha kazi palepale. Alininawisha miguu kwa maji ya mtungi kwa mikono yake, akanitandikia, akasema, "Karibu, shemeji. Karibu sana." Nilishangaa. Nilikuwa nimeambiwa hapendi watu.

"Mama hajambo?" akauliza.

"Hajambo."

"Mama yule ana moyo. Sijapata kuona." Akatikisa kichwa. "Na wewe je? Umejaliwa watoto huko ulikoolewa?"

"Nimeolewa na Mshamu," nikamwambia. "Sijaolewa kwingine. Nitaolewaje na mume ninaye?"

Haruni alinitazama, kisha akamtazama Twalibu. Twalibu akainua mabega. Upande wa pili wa nyumba mtoto wa jirani alikuwa anaita mbuzi. Haruni akakaa chini, polepole sana.

"Shemeji," akasema, "kwani hukukaa eda?"

Ndipo akanieleza. Mshamu alikufa ng'ambo ya mpaka, njia ya kwenda Masaka, alikanyaga bomu lililofukiwa ardhini. Hakuumia muda mrefu. Haruni na mwenzake mmoja wa Utete, Twalha, ndio waliomzika, wakamsalia, wakaweka jiwe. Aliporudi nyumbani Haruni aliugua karibu mwaka mzima, na alipopata nguvu, jambo la kwanza alilofanya ni kupanda boti akaja Ruaruke kuleta habari. Alifika asubuhi. Alinisikia natwanga uani. Na alifanya kama tunavyofanya sote, kama wazee walivyotulea. Habari ya msiba haimwangukii mke kijana. Anapewa mzee wa nyumba, faraghani, naye ndiye anayejua ataisema lini na kwa namna gani. Haruni akamwita Bi Mwanabaraka kando, nyuma ya banda la kuku, akamwambia. Mama hakulia. Akamshukuru, akampa maji ya kunywa, akamwambia, "Nenda salama, mwanangu. Mkewe nitamwambia mwenyewe." Haruni akaenda zake.

"Miaka yote hii," Haruni akasema, "mimi nilikuwa nikiwaza, angalau kwa Mshamu nilitimiza."

Nilimsikiliza mpaka mwisho, kama nilivyoagizwa. Nilihesabu nyuma kichwani, na hesabu ikasimama mahali pamoja. Sahani ya tatu ilianza siku ile. Twalibu alikuwa ananisemesha, nami sikuwa namsikia. Mkate wa kumimina tuliula njiani kwa sababu njaa haina adabu.

Nilirudi nyumbani kesho yake jioni. Mama alikuwa anapakua. Sahani ya kwanza, sahani ya pili. Aliponiona mlangoni mkono wake ulisimama juu ya sufuria, na sahani ya tatu ikabaki tupu miguuni pake.

"Umemwona," akasema.

"Nimemwona."

Nilikuwa nimejiandalia maneno tangu Nyamisati, makali, ya kutosha kuichoma nyumba. Kilichotoka ni kidogo tu. "Kwa nini, mama?"

Alikaa chini. Hakujitetea, na hilo liliniudhi zaidi.

"Nimezaa watoto sita," akasema. "Watano nimewazika hapo nyuma, wengine sijawapa hata jina. Akabaki huyo. Yule kijana aliponiambia, nikakutazama wewe. Ulikuwa unatwanga, unaimba. Nikasema, nikimwambia sasa atakaa eda yake, eda itakwisha, baba yake atakuja kumchukua. Ni haki yake. Nami nitabaki na nani? Nani ataniita mama? Nikasema nitamwambia baada ya mavuno. Mavuno yakapita. Nikasema baada ya mfungo. Mwanangu, kila siku ilikuwa ni kesho."

"Na sahani?"

"Nilidhani nikimpakulia, nami nitaamini."

"Uliamini?"

"Hapana."

Ndipo nikaelewa habari ya dungu. Alikuwa hahami kwa ajili ya mpunga. Alikuwa anakwenda kumlilia mwanawe mahali ambapo mkewe hatamsikia. Msimu kwa msimu, peke yake juu ya miti minne, analia, halafu anarudi nyumbani na uso umeoshwa, ananiambia ndege mwaka huu ni wengi. Nilitaka kumhurumia na sikuweza. Nilitaka kumpiga na sikuweza hilo nalo. Ujana wangu wote alikuwa ameufunika kwa kawa. Nilikwenda kulala bila kula, na sahani zote zikabaki pale.

Twalibu alimtafuta Twalha wa Utete, akamleta pamoja na Haruni mbele ya sheikh wa kwetu. Wakaapa. Mama naye aliitwa, akasema kweli. Sheikh alinigeukia mimi, nami nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimenunua kitambaa cheupe. Nilikuwa nimefagia chumba. Nilijua wajane wataingia, watanivua vipuli, wataniogesha, watakaa nami, usiku mmoja atalala huyu, usiku mwingine yule. Naona aibu kusema, lakini nilikuwa nangojea eda kama wengine wanavyongojea sikukuu.

"Wewe huna eda, mwanangu," sheikh akasema. "Eda huanzia siku mume alipokufa, hata kama mke hajui. Yako ilikwisha zamani. Uko huru tangu miaka hiyo."

Alisema kwa furaha, kama anayenitua mzigo. Watu wakaniambia hongera. Nilikuwa mjane, eda yangu nimeimaliza, na sikuonja hata siku moja ya kumlilia mume.

Tukamsomea Mshamu hitima. Ilikuwa asubuhi moja tu. Walikuja wazee, wakasoma, wakala wali, wakaenda mashambani mwao. Wengi hawakuwahi kumjua Mshamu, au walimjua na kumsahau. Safina alitoka Ikwiriri pamoja na wenzake wawili, wakakaa nami chumbani mpaka adhuhuri. Mama alikaa chumba cha pili. Kwa ukuta ule wa udongo niliweza kumsikia akipumua. Sikwenda kwake.

Siku ya tatu baada ya hitima nikafunga sanduku langu. Mama alinisaidia kulibeba mpaka barabarani, na hakuniomba nibaki. Alisema tu, "Kamba ya sanduku ni mbovu, ukishuka ishike chini." Lori likaja. Sikugeuka nyuma, na nilijivunia kutogeuka.

Ikwiriri nilipata chumba nyuma ya kibanda cha mashine, na zamu yangu, na ungo wangu, na nafasi yangu mkekani. Walinipokea vizuri mno. Siku ya kwanza Safina akanisogezea pumba, akasema, "Haya, mjane mwenzetu, tuambie. Wako alikuwaje?"

Nikafungua kinywa. Na sikuwa na kitu. Niliishi na Mshamu miezi michache nikiwa bado namwonea haya, namtazama akiwa ametazama kwingine. Kama alikoroma, nimesahau. Kama aliogopa mijusi, sikupata kujua. Nilichokuwa nacho ni sahani iliyofunikwa, na miaka, na mwanamke mmoja mzee. Nikawaambia alipenda samaki wa kukaanga, jambo ambalo kila mwanamume wa Rufiji analipenda. Wakaniitikia kwa upole, wakahamia habari nyingine. Nilikaa katikati ya mkeka nilioutaka kwa roho yangu yote, na upweke ukanikuta palepale. Wao walikuwa wanawakumbuka waume. Mtu niliyekuwa ninamkumbuka mimi alikuwa hai, Ruaruke, na nilikuwa simsemeshi.

Hasira ilidumu kwa muda mzuri. Nilijua mambo yake yote, hilo ndilo lililonikera. Nilijua kwamba hawezi kutoka bombani na ndoo iliyojaa. Nilijua kwamba akipikia mtu mmoja chumvi humzidia, maana mkono wake ulizoea sufuria kubwa. Twalibu alipopita Ruaruke kwa kazi zake nilikuwa namuuliza habari za mvua, habari za bei ya ufuta, habari za kila kitu, mpaka siku moja akanikatiza.

"Hajambo," akasema. "Hakuniuliza kitu. Lakini kila ninapopita namkuta amekaa mlangoni."

"Umoja wenu hauna lolote kwa akina mama wa marehemu?"

"Tumeandikisha wajane, shemeji. Mama hatukumfikiria." Akakuna kidevu. "Tulidhani mama siku zote ana mtu."

Alhamisi moja nilipanda lori la mchana. Nilijiambia nakwenda kuchukua mchi wangu, ambao kweli niliuacha, ingawa Ikwiriri nilikuwa nakoboa kwa mashine na mchi ulikuwa hauna kazi.

Nilifika jua linaelekea kuzama. Ua ulikuwa umefagiwa. Mama alikuwa amekaa kizingitini, sahani yake ya kula imeshaoshwa na kuegemezwa ukutani ikauke. Aliitikia shikamoo yangu. Akasogea, nami nikapita ndani, na kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa juu ya kinu. Kawa jekundu. Limefunika.

Damu ikanipanda. Mashahidi wameapa, hitima imesomwa, mimi nimekwenda kuishi chumba cha kupanga, na huyu mwanamke bado anaendelea. Nikarudi mlangoni.

"Mama, Mshamu tumemsomea."

"Tumemsomea," akasema. "Mungu amrehemu."

"Basi hicho chakula cha nini?"

"Si cha Mshamu."

"Cha nani?"

Hakunitazama. Alikuwa anatazama barabara, kule malori yanakopunguza mwendo.

"Chako," akasema.

Nikamuuliza tangu lini, akasema tangu siku ile ya sanduku. Nikamuuliza asubuhi anakifanyia nini, akasema anakula kiporo. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Sikukuita, mwanangu. Sikumtuma mtu. Safari hii sikumzuia mtu."

Nilirudi ndani. Nikavuta kigoda, nikafunua kawa. Wali, na kipande cha perege, na mchuzi umegandia pembeni. Ulikuwa umepoa, na chumvi imezidi. Nikaula wote, mpaka nikafuta sahani kwa kidole. Alinisikia kutoka mlangoni, maana alijifunga upya kanga yake na kujifuta uso kwa pindo lake. Sikumwambia kwamba nimemsamehe. Sikuwa na hakika, na sijui kama nina hakika hata leo. Nilimwambia tu chumvi imezidi.

Asubuhi hapakuwa na kiporo. Tulitazamana, hatukujua tunywee chai nini, maana hilo lilikuwa halijatokea kwa miaka. Mama akachukua vijiti, mimi nikapiga magoti nikapuliza moto, na kuni zilikuwa mbichi. Lori la Ikwiriri lilipita, likapunguza mwendo, likapiga honi, likaenda. Tulikuwa bado tunapuliza.